Disketi ya Mzee Mihayo

Kompyuta za siku hizi ni bubu. Nasema hivyo nikiwa nazo tatu dukani kwangu, hapa karibu na stesheni ya Tabora, na wateja wananicheka. Ni nyembamba, ni nyepesi, ukiwasha hujui kama imeamka au bado imelala. Haina taa ya kukukonyeza, haina mlio, haina tundu la kuingiza kitu cha maana. Ile niliyojifunzia kazi mimi ilikuwa na kufuli. Ndiyo, kufuli la kweli, palepale usoni pake, na ufunguo wake mdogo wa duara. Ukiuzungusha kushoto kibodi inakufa, na mtu anaweza kubonyeza mpaka vidole vichubuke isitoke hata herufi moja. Nikiwaambia vijana hivyo wanadhani bibi anachanganya kompyuta na kabati la nguo. Haya, wacheke. Mwezi uliopita niliwekewa mkononi kitu cha zama zile, kimefungwa kwenye kitambaa, na tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa kuvizia.

Nilikuwa nimekwenda msibani, mbele ya Sikonge, kumzika Mzee Mihayo, aliyekuwa mwenyekiti wa warina asali enzi zile nilipokuwa karani wao. Nilifika wamekwisha kuzika, maana barabara ile wewe ndiye unayeifuata, yenyewe haina haraka na mtu. Wanawake tukakaa mkekani nyuma ya nyumba, tukala ugali na kisamvu cha karanga, na mtu akaleta sinia la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, nikala nikikumbuka kwamba mara ya kwanza kuvila kwenye ua ule nilikuwa na kiuno. Nyanzala, binti mkubwa wa marehemu, ambaye sasa naye ana mvi, akaniita ndani. Sebule ilikuwa ileile: viti vya mbao, kabati la vyombo, na kwenye kona redio kubwa ya spika mbili ambayo haijaongea miaka mingi, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nyanzala akafungua kabati, akachomoa kifurushi nyuma ya sahani. "Baba alisema upewe wewe, mkononi," aliniambia. "Na kuna neno alinituma." Nilikipapasa kile kifurushi kabla ya kukifungua. Kilikuwa cha mraba, chembamba, kigumu, nami nilijua kilichomo, na nilijua nilimdanganya nini marehemu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ofisi ya chama ilikuwa vyumba viwili kwenye nyumba kuukuu ya bati, kando ya ile njia ya zamani ya misafara, upande wa kwendea Kwihara. Chumba cha mbele kilinuka nta na jasho la baiskeli, wazee walikaa humo kwenye mabenchi wakingoja na kusemana. Chumba cha ndani kilikuwa cha mashine, na mashine ilikuwa ya Bwana Bilali. Yeye alikuwa katibu wetu, mtu wa Ujiji, mnene, msafi, mwenye sauti ya kuweza kusimamisha treni. Asubuhi aliivua ile kompyuta shuka lake, akaifuta kwa pamba, akachomeka ufunguo, akazungusha. Swichi ya umeme ilikuwa ubavuni, kubwa, ukiipiga inasema "kwa!" na unajua umepiga. Hapo inalia mlio mmoja, kisha inaanza kuhesabu kumbukumbu zake kwenye kioo, tiki tiki tiki, mbele ya macho yako, na Bwana Bilali anasimama anaitazama kama imamu anayesikiliza mtoto akisoma. Kulikuwa na kitufe cha mwendo pia, na namba nyekundu juu yake: ukibonyeza inasoma sitini na sita, ukibonyeza tena thelathini na tatu. Yeye aliishusha hadi thelathini na tatu kila walipokuja wageni. "Wasije wakadhani kazi yetu ni nyepesi," alisema. Na alipotoka, hata kwenda msalani, alifunga, na ufunguo ukarudi kiunoni kwenye mnyororo pamoja na funguo za nyumba yake.

"Kalunde," aliniambia wiki ya kwanza, "utaandika mimi nikiwepo. Mimi nisipokuwepo, hii ni jiwe. Na siku nitakayoona mtu ametia bisibisi kwenye kasha hili, ajitafutie kazi nyingine." Nikasema ndiyo, Bwana. Nilitaka ile kazi kuliko kitu chochote. Chumba changu cha kupanga kule Kanyenye kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa na daftari la kujifunzia kuchapa, na kila jioni mama mwenye nyumba aliwaambia majirani ukutani, kwa sauti ya kunisikilizisha, kwamba mpangaji wake anafanya kazi kwenye kompyuta. Nilikuwa najisikia mtu.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa orodha. Msitu wa hifadhi ulikuwa unawekewa mipaka mipya, na kamati ingekaa bomani Jumatatu moja, mwishoni mwa kiangazi, kusikiliza nani ana mizinga wapi. Aliyemo kwenye orodha ya chama angeendelea kuingia porini kurina. Asiyekuwemo angehesabika mvamizi, na mizinga aliyoachiwa na baba yake ingeshushwa mitini. Basi walikuja kutoka makambini, zaidi ya mia, mmoja mmoja, na kila mmoja alitaja jina, kambi, na alama yake. Alama ndiyo iliyokuwa ngumu. Kila mrinaji anachonga yake kwenye mzinga, mikato miwili na nukta, mguu wa kanga, msalaba uliolala, na hiyo hamwonyeshi mtu ovyo, maana anayeijua anaweza kuiiga na kukuvunia. Mzee Mihayo alizunguka kambi zote kwa baiskeli, akiwaomba. Nilimsikia mwenyewe chumba cha mbele akimwambia mzee mwenzake aliyekuwa amenuna: "Nipe alama yako, Lugusha. Ikipotea, njoo uchukue mizinga yangu yote uipasue kuni." Yule mzee akacheka kidogo, akaingia ndani, akanichorea. Mimi nikazichora upya kwa vistari na mikwaju ya kibodi, na Bwana Bilali akishikilia karatasi kwenye mwanga.

Siku Mzee Mihayo alipoingia chumba cha mashine mara ya kwanza, nilikuwa nanakili kitu kwenye disketi. Enzi zile ukiingiza disketi na kuiamuru mashine iisome, taa ndogo ya kijani inawaka pale kwenye mlango wake, na ndani kunaanza kukwaruza na kunguruma, kruu, kruu, kruu. Mzee akasimama kizingitini, kofia mkononi. "Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kinyamwezi, nami nikainuka nikasema shikamoo. Alikwisha kunisahau, macho yako kwenye mashine. Alisogea, akainama, akalaza sikio lake juu ya kasha. "Kuna nyuki humu?" aliuliza. Bwana Bilali akaangua kicheko mpaka akashika meza. Nikamweleza mzee kwamba kinacholia ni kile kibamba, mashine inakisoma, na isipokisoma haitoi sauti. Akatikisa kichwa, ameridhika kabisa. "Basi kama mzinga," alisema. "Ukiufikia unaugonga, unasikiliza. Wenye watu unalia. Usiolia, usijisumbue kupanda." Akagonga kasha kwa kifundo cha kidole, pole pole, Bwana Bilali akaacha kucheka, akalifuta pale palipogongwa.

Orodha ilipokamilika, Bwana Bilali aliinakili kwenye disketi moja ya bluu amkabidhi mwenyekiti, iwe akiba. Mbele ya wazee alikisukuma kile kidude cha plastiki kwenye pembe, kile cha kuzuia isiandikwe juu yake, kikaacha kidirisha wazi. "Sasa hapa hata shetani haandiki neno," alisema, na wazee wakaguna kwa heshima. Mzee Mihayo aliipokea kwa mikono miwili. Akanigeukia mimi, siyo katibu. "Mwanangu, niitunze vipi?" Nami, msichana wa daftari moja la kujifunzia, nikajibu bila kufikiri: "Usiiloweshe, usiianike juani, mzee. Iweke pale unapoweka kitu cha heshima kuliko vyote nyumbani kwako." Nilijiona nimesema maneno ya maana. Nimeyarudia maneno hayo kichwani miaka yote hii, na kila mara nayachukia.

Zile karatasi tulizoandikia kwa mkono wazee walidai warudishiwe, kwa ajili ya alama, wakarudishiwa. Wala usiniulize zilikwenda wapi. Karatasi laini, Sikonge, msimu wa tumbaku? Zilivutwa zote kabla ya mwezi kuisha, na mvutaji mmoja alinikiri kwamba alama yake ilikuwa tamu. Na kuchapa hatukuwa tumechapa, kwa kuwa utepe wa printa ulikauka na mpya ulikuwa njiani kutoka Dar. Bwana Bilali hakuwa na wasiwasi. Orodha ilikuwa ndani ya mashine, na ilikuwa kwenye disketi.

Alhamisi kabla ya kikao ilikuja simu ya maandishi, ile ya posta: mama yake Bwana Bilali amefariki, Ujiji. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia vile, kwa kelele, kama alivyofanya kila kitu. Treni ya Kigoma ilikuwa stesheni tayari. Alivuta shuka akaifunika mashine, akatoka mbio na mfuko mmoja, mimi nikimkimbilia nyuma na koti lake, na ni pale jukwaani, treni imekwisha kuondoka, nilipoona moyoni mwangu ule mnyororo ukicheza kiunoni mwake. Nikajipa moyo kwamba labda hakufunga. Ijumaa utepe ukaletwa. Nikavua shuka, nikapiga swichi. Ikalia, ikahesabu kumbukumbu, ikasimama. Kwenye kioo kukawa na mstari mmoja wa Kiingereza wa kuniambia kibodi imefungwa, niifungue kwanza. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Treni ya kurudi isingefika kabla ya Jumanne, na simu ya mkononi wakati huo ilikuwa hadithi ya Ulaya. Nilikaa kwenye kiti cha Bwana Bilali nikaukodolea macho ule mstari.

Lakini kulikuwa na disketi. Jumamosi asubuhi Mzee Mihayo alifika kwa baiskeli na wenzake watatu, wametapakaa vumbi hadi kwenye kope, na disketi iko kifuani mwake ndani ya shati, imefungwa kitambaa. Nikawaeleza kwamba katibu amefiwa na mashine imefungwa, wakamsikitikia kwa msiba wake, kisha wote wakatazama kile kitambaa. "Si ndiyo maana tulitunza hii?" alisema mzee. Alikuwa na furaha, Mungu anisamehe, furaha ya mtu ambaye tahadhari yake imeonekana. Nikamchukua hadi kwa Bi. Zuhura, aliyekuwa na darasa la kuchapa kule Gongoni, na mashine moja kama yetu isiyo na kufuli. Mzee alibaki nje na baiskeli yake, kwa sababu darasani walikuwa wasichana watupu. Bi. Zuhura akaingiza disketi. Taa ikawaka. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena kwa namna nisiyoipenda, na kwenye kioo yakatoka yale maneno ya kuuliza tuache, tujaribu tena, au tukubali kushindwa. Tukajaribu tena. Tulijaribu mpaka wasichana wakaacha kuchapa wakatutazama.

"Ilikaa wapi hii?" aliuliza Bi. Zuhura kwa sauti ya chini. Nikamwambia anisubiri, nikatoka, nikamuuliza mzee kama kwa mazungumzo tu, aliiweka wapi. Uso ukamng'aa. "Pale uliponiambia," alisema. "Mahali pa heshima. Juu ya redio, kwenye spika, chini ya kitambaa cha mama Nyanzala. Hakuna aliyeigusa. Kila jioni nikisikiliza habari naiona iko pale." Nikarudi ndani nikamwambia Bi. Zuhura: wiki tatu, juu ya spika. Akafumba macho. Akafungua mtoto wa meza, akatoa spika ndogo ya redio iliyokufa, akaisogeza kwenye pini za karatasi, na pini zikaruka zikajigandika. "Sumaku, mwanangu," alisema. "Na disketi imeandikwa kwa sumaku. Kile kidude cha pembeni kinamzuia mwandishi tu. Wiki tatu juu ya spika? Humu hamna kitu. Kumeoshwa."

Nilibaki nimesimama pale na ile disketi ya bluu. Ningeweza kumwambia. Bi. Zuhura alisema niende nimwambie, mapema, kuliko aaibike Jumatatu bomani. Lakini nilimwona dirishani akiipangusa baiskeli yake vumbi kwa ncha ya shati, mtu aliyekwenda kambi kwa kambi akiweka jina lake rehani, na kosa lilikuwa langu, langu peke yangu, mimi ndiye niliyempeleka kwenye ile redio. Nikatoka. "Inasomeka, mzee," nilisema. "Ila hapa printa yao ndogo. Kesho, umeme ukirudi, tutaichapa ofisini. La kufuli niachie mimi." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nilijua," alisema. Lo, nilitamani ardhi inimeze.

Usiku ule mtu angeniuliza nimelalaje ningempiga. Jumapili watu wakiwa kanisani nilikwenda kwa fundi baiskeli nikaazima bisibisi, nikajifungia chumba cha ndani. Mara moja tu nilikuwa nimeona ndani ya lile kasha, fundi wa Dar alipokuja kulipuliza vumbi na mimi nikashika tochi. Nilikumbuka kwamba nyuma ya lile kufuli palitoka nyaya mbili nyembamba zikaenda kwenye ubao mkubwa wa ndani. Basi, kama kufuli linazungumza na mashine kwa nyaya, nyaya zikichomoka litazungumza na nani? Ndiyo yote niliyokuwa nayo, hesabu hiyo moja. Nikafungua skrubu tano, nikaziweka kwenye kisosi. Nikavuta kasha, likanasa, likapiga kelele ya bati, nikanyamaza nikisikiliza kama kuna mtu njiani. Ndani kulikuwa na nyaya zisizohesabika za rangi: za taa, za kitufe cha mwendo, za kile kispika chake kidogo, zote zinapita pamoja kwenye upande mmoja. Nikaweka kidole nyuma ya kufuli, nikaufuata uzi wa zambarau na mweusi, nikaupoteza, nikaanza upya, mara tatu. Kama nikichomoa usio wenyewe mashine ikafa, orodha inakufa nayo. Jasho likanidondoka ndani, nikalifuta kwa gauni langu la kanisani. Kisha nikashika kile kikofia cha plastiki mwisho wa zile nyaya, nikasema jina la Mungu, nikavuta.

Na umeme haukuwepo. Huo ulikuwa mwaka wa mgawo, na upande wetu ungerudi saa nane. Sikuweza hata kujua kama nimeponya au nimeua. Nikafunika kasha, nikakaza skrubu, nikarusha shuka juu yake, na hapo hapo mlango wa mbele ukagongwa. Mzee Mihayo na wenzake. Walikuwa wametoka ibadani, wamekaa chumba cha mbele na kitabu cha nyimbo na kifurushi cha matobolwa. Saa nane ikafika, hakuna umeme. Saa nane na nusu. Walizungumza juu ya babu zao waliopita njia ile ile na mizigo ya nta kichwani kwenda pwani, na Lugusha, yule aliyenuna, akasema babu zao angalau walikuwa wanauona mzigo wao. "Mimi alama yangu iko kwenye kiplastiki," alisema. "Kesho wakiniuliza nitawaonyesha kiplastiki?" Mzee Mihayo akamjibu, bila hasira, "Kama haimo, nimekwambia, shoka lako nalijua." Mimi nilikuwa nimegeuza uso ukutani. Saa tisa na dakika kumi taa ya dari ikawaka.

Niliwaambia nianze kuiandaa, nikarudishia mlango. Swichi, kwa! Ikalia. Ikaanza kuhesabu kumbukumbu, na sijawahi kuona mashine inayohesabu taratibu vile. Ikamaliza. Ule mstari wa Kiingereza haukutokea. Nikabonyeza herufi moja, K, ya jina langu, na K ikatokea kwenye kioo. Nililia, nasema wazi, nililia na kamasi, nikajifuta kwa shuka la Bwana Bilali. Kisha nikawaita. Walisimama nyuma yangu wote wanne. Nikaipokea disketi kwa Mzee Mihayo kwa mikono miwili, nikaiingiza kwenye mlango wake ikaitika "tak", na vidole vyangu, badala ya kuiamuru mashine isome disketi, vikaifungua orodha iliyokuwa ndani ya mashine yenyewe. Jina la kwanza likatokea. Lugusha akasema, "Ah!" Mzee Mihayo alikuwa ameinamisha kichwa upande, karibu na kasha, na nikadhani anatafuta jina lake kwenye kioo. Nikaamuru printa. Ikaanza kupiga ule mlio wake wa kukereketa meno, mstari hadi mstari, karatasi yenye matundu pembeni ikishuka sakafuni, na wazee wakawa wanaipokea, kila mmoja anatafuta alama yake. Nakala tatu. Tulimaliza umeme ukiwa umebakiza robo saa kukatwa tena.

Jumatatu orodha ilipokelewa bomani. Walisoma majina na kambi, wenyewe wakasimama mmoja mmoja, na hakuna mzinga ulioshushwa. Mzee Mihayo alitoka pale amebebwa kwa maneno, na kila aliyempongeza alimwonyesha ile disketi mfukoni.

Bwana Bilali alirudi Jumanne, amekonda, amenyoa kichwa. Asubuhi ya Jumatano akachomeka ufunguo, akafungua, tukafanya kazi. Adhuhuri akafunga aende kuswali, na kwa mazoea akapiga kibodi kuhakikisha, na herufi zikamwagika kwenye kioo. Nilikuwa nimerudishia zile nyaya Jumapili ileile, lakini kumbe nilizichomeka kando ya mahali pake, na ufunguo ulikuwa ukizunguka bure. Akalitazama kasha. Akaona mikwaruzo kwenye skrubu. "Nani?" aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo. Nilikuwa na jibu, na jibu lingeniokoa. Lakini namjua yule bwana, ningemwambia saa sita na saa saba chumba chote cha mbele kingejua kwamba mwenyekiti alianika orodha ya watu juu ya spika. Nikasema, "Mimi, Bwana. Nilitaka kuona ndani kulivyo." Akaurudisha ufunguo kiunoni. "Mama yangu hajamaliza hata wiki kaburini," alisema, "na wewe unachezea." Nilifungasha daftari langu na kikombe changu. Mama mwenye nyumba hakuongea na majirani ukutani jioni ile.

Sikurudi kwenye ajira ya mtu. Bi. Zuhura alinipa kiti darasani kwake, kiti kikawa meza, meza ikawa duka. Na mwaka ule ule, mwisho wa msimu, Mzee Mihayo alikuja Kanyenye na ndoo ya asali mbichi ya porini nyuma ya baiskeli. Nikamwambia mbona nyingi, mzee. Akasema, "Kula tu, mwanangu." Alileta mwaka uliofuata, na uliofuata. Alipochoka kuendesha baiskeli alituma kwa gari. Niliipokea yote huku nikijihisi mwizi, kwa kuwa nilidhani ananishukuru kwa kuchapa kilichokuwa kwenye disketi yake.

Basi nilikaa kwenye ile sebule, kifurushi mapajani, kikiwa wazi. Disketi ya bluu, kidirisha cha pembeni bado kimeachwa wazi vilevile. Nikamuuliza Nyanzala kama ilikuwa imekaa pale juu ya redio miaka yote hii.

"Hapana, dada," alisema. "Siku ile aliyorudi kutoka bomani, hata baiskeli hajaiegemeza, aliitoa mfukoni, mama akataka kuirudisha juu ya redio. Akamkataza. Akaenda kuiweka kabatini, nyuma ya sahani. Na redio hakuiwasha wiki nzima, alikuwa anaitazama tu."

"Na neno alilokutuma?"

Nyanzala akakunja kitambaa, akakikunjua. "Mimi silielewi," alisema. "Alisema nikwambie kwamba siku ile aliinamisha sikio, na mzinga haukulia."